Miezi tisa ya kulegeza kamba, leo Tausi kaingia telki

Leo asubuhi nimesikia kitu nilichokisubiri tangu nimlete farasi wangu Tausi hapa ranchini, na siku nzima nimeshindwa kushika kazi nyingine kwa akili yangu yote, so nimekaa niandike. Tulikuwa tunarudi kwenye njia ya nyuma ya uzio, mi niko juu yake, kamba imelegea kabisa mkononi, mara nikasikia miguu inabadilisha sauti. Zamani ilikuwa pa-pa, pa-pa, mbili mbili kama mtu anayegonga mlango. Leo ikawa taka-taka-taka-taka, minne, kila kwato na sauti yake, zimepangana sawa hakuna inayomkimbilia mwenzake. Mgongo wake ukajaa chini yangu, kiuno changu kikawa kinazungushwa taratibu tu, na kichwa chake kikaanza kuitikia, chini juu, chini juu, kama bibi anayekubali kila unachomwambia. Sikugusa kitu. Nilishusha pumzi nikamwacha aende, hatua kama kumi na tano hivi, mpaka tulipofika kwenye geti akasimama mwenyewe.

Hatua kumi na tano. Kwa mtu asiyewajua hawa farasi ni kitu kidogo sana, ndo maana nataka nieleze kuanzia chini.

Farasi wa kawaida ana miendo inayojulikana. Anatembea kwa midundo minne, anakimbia mchakamchaka kwa midundo miwili, mguu wa mbele kushoto unaenda pamoja na wa nyuma kulia, afu inabadilishana, na hapo kati kuna sekunde ndogo ambayo yuko hewani kabisa, ndo ile inayomrusha mpandaji juu chini mpaka mgongo unauma. Afu kuna kanta ya midundo mitatu, na shoti yenyewe. Sasa kuna farasi wengine wamezaliwa na mwendo wa ziada pale katikati, badala ya kuruka mchakamchaka wanatembea haraka, midundo minne ileile ya kutembea, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, ila kwa kasi, na siku zote kuna mguu uko chini, so hakuna kurushwa. Unaweza kushika kikombe cha maji mkononi ukafika nacho. Kiswahili kina neno la zamani la mwendo wa punda anapokaza hatua bila kukimbia, telki, na mi ndo neno ninalolitumia hapa kwangu kwa sababu sijaona jingine linalokaa vizuri hivyo.

Kila jamii ya hawa farasi ina namna yake. Farasi wa Iceland wana tölt, Paso Fino wana hatua fupi fupi za haraka kama mvua kwenye bati, Paso wa Peru wanarusha miguu ya mbele kwa nje kama mtu anayeogelea, Mangalarga Marchador wa Brazili wana marcha, Missouri Fox Trotter miguu yao inaenda kwa mkingamo ila wa mbele unatangulia kidogo tu kugusa chini kabla ya mwenzake wa nyuma, na Tennessee Walker, ambao Tausi ni mmoja wao, mguu wa nyuma unaingia mbele sana chini ya tumbo unapita alama iliyoachwa na mguu wa mbele, na kichwa kinaitikia kila hatua.

Hii kitu iko kwenye damu. Mwaka 2012 watafiti, kundi kubwa likiwa la Uppsala kule Sweden, walitangaza kwamba kuna jeni moja, wanaiita DMRT3, ambayo ikibadilika sehemu moja tu inagusa neva za uti wa mgongo zinazopanga mguu upi uende lini. Mabadiliko hayohayo wakayakuta kwa farasi wengi sana wa miendo laini, hata kwa wale wanaokimbizwa wakivuta vigari. Mwaka 2016 wengine wakapima mifupa ya kale wakayakuta kwa farasi wawili wa York, Uingereza, wa karne ya 9, na kwa farasi wengi wa zamani wa Iceland. Mi nikisoma hivi vitu nasisimka kwa kweli, maana yake ni kwamba mwendo wa Tausi uko ndani yake tayari, umetembea zaidi ya miaka elfu moja kumfikia, hakuna binadamu aliyemtengenezea.

Sasa kama uko ndani yake, kwa nini imechukua miezi tisa?

Tausi alikuja hapa na miaka saba, amepita mikono kadhaa. Alikuja na lijamu yake, kile chuma cha mdomoni, kwenye mfuko, yule aliyeniuzia akanisisitizia kabisa, bila hii hutampata. Nikaitoa nikaiangalia. Ile mikono ya chuma ya pembeni ilikuwa mirefu kuliko kiganja changu, chini kuna mnyororo wa kubana kidevu, yaani ukivuta kidogo tu juu, kule mdomoni inafika imezidishwa mara kadhaa. Nikamfungua mdomo, kwenye fizi pale ambapo chuma kinakaa kuna kovu gumu. Nilikaa chini pale pale. Sijawahi kumwekea tena, iko stoo, na siiuzi maana sitaki imfikie farasi mwingine.

Na alikuwa haendi telki. Alikuwa anaenda pesi, miguu ya upande mmoja inaenda pamoja kwa mara moja, kushoto yote, kulia yote, mwili unayumba kama ngamia. Watu wengi wanadhani pesi na telki ni kitu kimoja kwa sababu zote hazirushi sana kama mchakamchaka, lakini kaa juu ya pesi nusu saa utajua. Farasi wa pesi ya namna ile mgongo wake umedidimia, shingo iko juu, kichwa kiko usoni kwako, misuli ya chini ya shingo imevimba, ya juu hakuna. Ukimshika mgongoni nyuma ya tandiko ni mgumu kama meza. Na mgongo mgumu hauwezi kuitenganisha ile miguu miwili ya upande mmoja, inabaki imefungwa pamoja. Mi nilikuja kuelewa kwamba ile pesi ilikuwa hofu. Kichwa kinakimbia chuma, mgongo unadidimia, miguu inajifunga. Unaweza kumpeleka kwa nani akakwambia muwekee kwato ndefu, muwekee viatu vizito, badilisha lijamu, vyote hivyo vinagusa miguu na mdomo, na tatizo liko katikati.

Na kuna mabaya zaidi ya hayo. Kule Marekani kuna watu wamekuwa wakiwaumiza hawahawa Tennessee Walker miguu ya mbele kwa makusudi, wanawapaka kemikali za kuunguza juu ya kwato, wanafunga minyororo pale, ili farasi akigusa chini aumie aunyanyue mguu juu sana, majaji wa mashindano wapige makofi. Sheria ya kuzuia ilitungwa mwaka 1970 na mpaka leo bado watu wanapambana nalo. Nikiona video za hivyo nazima simu. Mnyama aliyepewa mwendo mtamu hivi afu unauharibu kwa maumivu ili upate kikombe, hapana, sina namna ya kulisema kwa upole.

Basi mi nikaamua kuanza upya, kwa njia ambayo wenyewe wanaiita ya asili. Kwa asiyejua, hii njia watu wengi wanaihusisha na ndugu wawili wa Marekani, Tom na Bill Dorrance, wafugaji wa ng'ombe, afu Ray Hunt aliyejifunza kwa Tom, afu Buck Brannaman aliyejifunza kwa Ray Hunt, na wengine wengi wamekuja baadaye wakaifanya biashara kila mmoja na kamba zake na majina yake. Mi majina hayanisumbui. Kiini chake ni kwamba farasi ni mnyama anayewindwa na wanyama wengine, maisha yake yote anauliza niko salama au siko salama, na ukimuomba kitu unamwekea mkazo kidogo, akijaribu tu kukupa, unalegeza. Kulegeza ndo kunafundisha. Mkazo unamfanya atafute, ila jibu analipata pale unapoacha.

Inasikika rahisi. Jamani si rahisi. Ukichelewa kulegeza hata sekunde mbili, ushamfundisha kitu kingine, kile alichokuwa anafanya wakati unalegeza ndo anachobeba. Akinyanyua kichwa ukalegeza, umemfundisha kunyanyua kichwa. Akikusukuma na bega ukarudi nyuma, umemfundisha kukusukuma. Farasi anahisi nzi mmoja akitua kwenye ngozi, kwa hiyo anahisi pia kidole chako kikikaza kamba, anahisi pumzi yako, na wewe unamvuta kwa nguvu zote kama unavuta mtumbwi, unadhani anakuwaje?

Wiki ya pili nilikosea vibaya. Nilikuwa nimeona watu wanawaingiza farasi kwenye ua wa mviringo, wanawakimbiza kuzunguka zunguka mpaka farasi anachoka kukimbia anageuka anakuja kwa mtu. Nikajaribu na Tausi, ua wetu ni mita 18 hivi kwa upana, nikasimama katikati na kamba, nikamwambia nenda. Akaenda. Akaenda kwa pesi, kichwa juu, weupe wa macho unaonekana, duara baada ya duara, na mi nasubiri ageuze sikio kwangu au ageuze jicho, hageuzi, nikaongeza mkazo nikidhani haelewi. Kumbe anaelewa vizuri sana, anaelewa kwamba kuna mtu katikati anamkimbiza na hakuna mlango. Akajikwaa kwenye kona ya geti akagonga bega kwenye mbao, akachubuka damu kidogo. Nikatupa kamba chini. Nilimsafisha lile bega nikitetemeka, afu nikafungua geti nikamwacha aende kwa wenzake.

Siku nne zilizofuata sikumuomba chochote. Nilikuwa naenda kwenye ule ua, nageuza ndoo chini juu, nakaa juu yake, nasoma. Siku ya kwanza alisimama upande wa pili kabisa. Ya pili karibu kidogo. Ya tatu nikasikia pumzi ya moto shingoni, sikugeuka. Ya nne akaweka pua kwenye kofia yangu akaisukuma ikaanguka, afu akabaki pale. Nadhani hapo ndo tulipoanza kweli.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma hatua moja. Moja tu. Namwekea halta ya kamba, ile ya kuvaa kichwani tu, haina chuma, nasimama mbele yake pembeni kidogo (farasi ana sehemu asiyoona moja kwa moja mbele ya paji la uso, ukisimama pale anakupoteza), nashika kamba na natikisa kidole kimoja. Kamba inatikisika kidogo sana. Hakuna kitu. Natikisa kiganja. Kichwa juu. Natikisa mkono mpaka kwenye kiwiko, kamba inacheza chini ya kidevu, kichwa juu zaidi, shingo imekakamaa, na mi nabaki pale pale, siongezi, sipunguzi, nasubiri. Najua moyo wangu ulikuwa unaenda mbio. Afu nikaona kitu kidogo kwenye bega la kulia, uzito umehama. Hajainua mguu. Uzito tu umerudi nyuma, kama mtu anayefikiria kukaa. Nikaachia kila kitu, mkono chini, nikageuka, nikatembea hatua tatu mbali naye nikaangalia majani.

Kimya. Mi naangalia majani, yeye ananiangalia mgongoni. Labda dakika mbili zilipita. Nikasikia pumzi ndefu inatoka puani, nikageuza jicho tu nikaona shingo inashuka, inashuka, mdomo unaanza kutafuna hakuna kitu mdomoni, ulimi unatoka pembeni. Wengine wanasema hapo anafikiria, mi naona ni mwili unashusha hofu, vyovyote vile, ilikuwa mara ya kwanza kumuona akiwa hivyo mbele yangu. Nikamfungua tukaondoka. Somo zima la siku ile lilikuwa uzito umehama bega moja.

Baada ya wiki kidole kimoja kilitosha kumrudisha hatua tano.

Afu tukaenda kwenye miguu ya nyuma. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo kuna ubishi mkubwa kwa watu wa farasi wa miendo laini. Wapo wengi watakwambia usimfundishe farasi wa telki kupisha kiuno, yaani kusogeza miguu ya nyuma pembeni, usimkunje shingo pembeni, usimtembeze kimkingamo, utamuharibia mwendo, yeye ni wa kwenda mbele moja kwa moja tu. Nimesikia hivyo mara nyingi na kwa watu ninaowaheshimu. Sikubaliani. Farasi wa pesi tatizo lake ni kwamba miguu ya upande mmoja imefungwa pamoja, sasa ukimuomba kwa upole mguu wa nyuma wa kushoto uvuke chini ya tumbo kwenda kulia, ule mguu lazima uachane na mwenzake wa mbele, hakuna namna nyingine, na mbavu lazima zijikunje. Kila hatua ya hivyo ni kama unafungua fundo moja. Tausi mwanzoni alikuwa anageuka mzima mzima kama ubao. Nilikuwa nasimama ubavuni, naangalia kiuno chake, naelekeza mwili wangu pale, mkono unazungusha ncha ya kamba taratibu kwa mbali, akivuka mara moja naacha. Upande wa kushoto ulikuja ndani ya siku mbili, wa kulia ulichukua wiki tatu, mgumu kabisa, na nikamuita daktari wa mifugo akamshika mgongo na nyonga zote kwanza nisije nikawa nafundisha maumivu. Alikuwa mzima, ni ugumu wa miaka tu.

Tandiko nalo lilikuwa linachangia, hili nalisema haraka. Hawa farasi mguu wa mbele unakwenda mbali, na unapokwenda mfupa wa bega unarudi nyuma, so tandiko likikaa mbele sana linagonga pale kila hatua, na farasi anafupisha. Nikalisogeza nyuma upana wa vidole vinne, nikalegeza mkanda wa tumbo tundu moja. Na fundi wa kwato akampunguza ncha za mbele za kwato zilizokuwa ndefu, sasa anakuja kila wiki sita, hana viatu.

Afu tukatembea. Hii ndo sehemu ambayo watu wanaikata, na mi nasema ndo yenyewe. Miezi miwili nikiwa juu yake tulitembea tu. Kutembea kwa kawaida ndo midundo minne iliyo sawa, ipo kwa kila farasi, bure, na telki ni hiyohiyo imeongezwa kasi bila kuvunjika. Kwa hiyo ukitaka telki nzuri unatengeneza kutembea kuzuri. Mwanzoni hata kutembea kwake kulikuwa kumeingiliwa na pesi, nilikuwa nahesabu kwa sauti moja mbili tatu nne na naona mbili na moja zinakaribiana. Kwa hiyo tulitembea kwenye majani marefu, maana majani yanamlazimu anyanyue kila mguu peke yake. Tulipanda kile kilima kidogo cha nyuma, kupanda kunamsaidia farasi wa pesi kutenganisha miguu. Nililaza fito tano chini, nafasi ya hatua yake moja moja, nikamwachia shingo aangalie mwenyewe anapokanyaga. Mara ya kwanza alizipiga zote. Mara ya sita alizivuka bila kugusa hata moja na masikio yako mbele kama mtoto anayeruka kidimbwi.

Sheria yangu ilikuwa moja. Namuomba akaze mwendo, kwa kuamsha kiuno changu tu, akikaza ndani ya midundo minne namwacha aende nayo, nikisikia tu inataka kuwa pa-pa namrudisha kwenye kutembea kabla haijawa. Kabla. Ukisubiri aingie pesi ndo umrudishe umeshachelewa, ameifanyia mazoezi. Kwa hiyo inabidi usikie kwa makalio, nisamehewe kusema hivyo, ila ndo ukweli, macho hayakusaidii pale juu. Kuna siku tulikuwa tunapata hatua mbili, tunarudi. Hatua tatu, tunarudi. Mdogo wangu alikuwa anatupiga video kwa simu, afu jioni tunaipunguza kasi tunaangalia kila kwato inatua lini, na mara nyingi nilichodhani nimekisikia sicho, so sikio langu nalo lilikuwa linafundishwa.

Na kuna Mzee, siwezi kuandika bila Mzee. Mzee ni Fox Trotter wa miaka kumi na tisa na yeye tatizo lake ni kinyume kabisa, akiongeza kasi anaangukia kwenye mchakamchaka kamili wa kurusha. Kwake kilima tunakishuka, taratibu, kichwa kikiwa juu kidogo, na fito simwekei kabisa. Ndo maana nakuwa mkali nikisikia mtu anasema fanya hivi kwa farasi wa telki, kama vile wote ni mmoja. Farasi wawili wanaokula nyasi moja, dawa ya huyu ni sumu ya yule. Inabidi umuulize aliye mbele yako.

Ranchi yetu ni ndogo, farasi watatu, hakuna uwanja wa mazoezi wenye mchanga, kuna ule ua, njia ya uzio, kilima na malisho. Zamani nilikuwa naona ni upungufu. Sasa hivi naona kazi zote za siku ndo darasa. Kufungua geti nikiwa juu ya farasi ni kupisha kiuno. Kumsimamisha wakati namwaga maji ni kusubiri. Kumtoa mmoja malishoni wengine wakibaki ni kumuonyesha kwamba nikimuita sitamuibia amani yake. Na Tausi akiachwa malishoni pamoja na wenzake saa ishirini kwa siku anatembea mwenyewe, anashuka, anapanda, anakunja mgongo akijigaragaza, mambo ambayo kwenye banda la kufungiwa ningeyatafuta mwaka mzima nisiyapate.

Leo sasa. Sikupanga chochote. Nilimpanda na halta ya kamba tu, tumezunguka malisho, tumepita kwenye fito, tumepanda kilima mara mbili, tukawa tunarudi. Kwenye ile njia ya uzio upepo ukaja nyuma yetu, nikahisi mgongo wake unanyanyuka kidogo, zamani hapo angedidimia na kukimbia, mi nikakaa kimya nikatoa pumzi, na ile kasi badala ya kwenda juu kichwani ikaenda nyuma kwenye miguu. Taka-taka-taka-taka. Mengine nimeshasema.

Kwenye geti nilishuka papo hapo. Sikumuomba tena, ingawa kila kitu ndani yangu kilitaka mara moja zaidi. Nilifungua mkanda, nikabeba tandiko mwenyewe mpaka stoo, nikamwacha amesimama. Niliporudi alikuwa hajaenda kwa wenzake, amesimama palepale, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha, mdomo wa chini umelegea unaning'inia. Nikakaa kwenye ile ndoo.

Jioni hii kabla ya giza nimerudi kule njiani na tochi kwa sababu udongo ulikuwa na unyevu na nilijua alama zitakuwepo. Zipo. Alama ya kwato ya nyuma imetua mbele ya ile ya mbele, nikapima kwa mkono, shubiri moja na vidole vitatu. Alama peke yake haithibitishi, hata farasi wa pesi mguu wake wa nyuma unaweza kupita wa mbele, ila mi nilikuwa juu yake na nilisikia minne. Nilizihesabu zote mpaka pale zinapoisha kwenye geti, ni kumi na saba, si kumi na tano. Nikapiga picha nne, afu nikaenda kuwajazia maji.